Ujuzi Usioandikwa

Wako watu, hata hapa Njiru, ambao wakisikia muratina hucheka, na wakisikia Champagne huinamisha kichwa kwa heshima. Hukumu hiyo si ya haki. Huko Champagne, Ufaransa, mvinyo wa zabibu hutiwa chupani pamoja na sukari na chachu, ukazibwa. Chachu hula sukari, ikatoa kileo na gesi. Gesi ikikosa njia hubaki ndani, ndiyo lile povu. Chupa hukaa miezi isiyopungua 15. Wazee wa Kikuyu nao walitia tunda kavu la mti wa muratina katika maji ya asali, na chachu ya tunda ikafanya kazi iyo hiyo. Tofauti ni nini, basi? Wafaransa waliandika kanuni zao na kulilinda jina kwa sheria, hata majimbo mengine ya Ufaransa yenyewe hayaruhusiwi kulitumia. Sisi tuliwaachia wazee wakumbuke.

Sikwambii unywe: sheria ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia kileo aliye chini ya miaka 18. Nakwambia uulize, upime, uandike. Asiyeandika ujuzi wake asilalamike ukidharauliwa.