Makombo si Mtaji

Atakaye kuzijua tabia za watu na aende bwaloni saa ya chakula cha jioni. Darasani kila mmoja wetu hujitahidi kuonekana mwema, na gwarideni kila mmoja husimama wima; lakini mbele ya sahani ya ugali na maharage hakuna awezaye kujificha. Huu ni mwaka wangu wa nne katika bwalo letu, na kwa kuwa meza yetu ina watu kumi waliotoka mikoa mbalimbali, nimepata nafasi ya kutazama mengi. Nataka kuyaeleza machache, kisha niseme neno juu ya biashara moja inayozungumzwa sana muhula huu, ambayo kwa maoni yangu haifai.

Kuna mlaji wa mbio. Huyu hamalizi kuketi kabla hajameza tonge la kwanza, na wenzake wakianza kunawa yeye yuko katikati ya sahani. Kuna mlaji wa akiba, ambaye hula ugali kwa mchuzi mtupu na kuyalimbikiza maharage pembeni ili ayafaidi mwishoni. Mara nyingi kiranja akisimama kutoa tangazo, jirani humsaidia kuyafaidi. Kuna mlaji wa pilipili, ambaye hutembea na kichupa mfukoni kama mganga, na siku kichupa kikiisha hasemi na mtu. Kuna mlaji wa dukani. Yeye saa kumi amekwisha kula maandazi manne, na ikifika saa moja huja mezani kama mgeni wa heshima, akamega matonge mawili na kuisukuma sahani mbali. Mwisho kuna mlaji wa hofu. Huyu huogopa njaa ya usiku, kwa hiyo huomba apakuliwe mlima, na mlima humshinda.

Hao wengine hawana madhara makubwa. Ila hawa wawili wa mwisho, yaani wa dukani na wa hofu, ndio wanaolijaza pipa la makombo lililo karibu na mlango.

Sisemi kwamba kila anayebakiza chakula ni mwenye kiburi. Mtoto aliyekulia Kagera kwenye ndizi, au Pwani kwenye wali wa nazi na samaki, hawezi kuupenda ugali kila siku kwa amri ya kengele. Hata yule wa Dodoma aliyezoea ugali wa uwele na mlenda huyaona maharage yetu kuwa kitu kigeni. Wadogo zetu wa kidato cha kwanza yafaa tuwavumilie. Lakini wapo wanaoubakiza ugali kwa sababu ni wa dona, na ati dona ni chakula cha maskini, bali sembe nyeupe ndiyo ya wastaarabu. Hao wakumbuke somo la baiolojia. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini. Tena protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na maharage ndiyo yanayoujaza. Aliyetupangia mlo huu hakutudharau.

Sasa nije kwenye ile biashara. Mwenzetu mmoja wa meza yetu, kijana mwenye akili nyingi katika hesabu, ameliona pipa lile na kusema kwamba ni hazina. Yeye ametoka Shinyanga, ambako viazi vitamu hukatwakatwa na kuanikwa juani vikawa michembe, nayo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Basi anasema, ikiwa kiazi hukauka, kwa nini ugali usikauke? Shauri lake ni kwamba tukusanye ugali unaobaki, tuuanike, tuupeleke mashineni usagwe, kisha tuwauzie wafugaji wa kuku mjini. Kila mwanafunzi wa kidato cha nne atoe shilingi 5,000 za kununulia turubai na magunia na kulipia mashine, na faida itumike katika mahafali yetu. Wengi wamekwisha kukubali, na baadhi wameandika nyumbani kuomba fedha.

Ndugu zangu, mimi simdharau mwenzetu, maana mtu anayefikiri ni bora kuliko mtu anayelala. Lakini hesabu yake ina matundu.

Tundu la kwanza ni maji. Kilo moja ya unga hupikwa kwa maji lita mbili hivi. Kwa hiyo ndoo ya ugali wa kilo ishirini, ikikaushwa kabisa, haizidi sana kilo sita au saba. Mwenzetu amepima makombo yakiwa mabichi, naye anataka kuyauza yakiwa makavu. Ni kama mtu anayehesabu bei ya samaki pamoja na maji ya bahari.

Tundu la pili ni ukungu. Michembe hukatwa vipande vyembamba na kuanikwa wakati wa kiangazi, katika jua kali. Bonge la ugali lililopikwa huloa ndani hata likionekana kavu nje, na wakati wa masika litachacha kabla halijakauka. Aina fulani za ukungu huacha sumukuvu katika nafaka, na sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya walipoteza watu 125 kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 watu walikufa kwayo hapa kwetu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuku nao huumia kwayo, na mabaki yake yaweza kufika katika mayai. Nani miongoni mwetu atakayesimama mbele ya mfugaji aliyekufiwa na kuku mia?

Tundu la tatu ni soko. Mfugaji hupata pumba mashineni kwa bei ndogo, kisha huchanganya na mashudu ya alizeti na dagaa ili kuku wapate protini. Ugali wetu mkavu hautampa kitu asichokipata katika pumba.

Tundu la nne ni haki. Unga ule si wetu. Serikali ilipoanza mwaka 2016 kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne, ilibeba pia chakula cha wanafunzi wa bweni katika shule zake, kwa kiwango cha shilingi 1,500 kwa kila mwanafunzi kwa siku wakati ule. Ukigawa kwa milo mitatu, ni shilingi 500 kwa mlo. Fedha hizo zilitoka kwa walipa kodi, na miongoni mwao wamo wazazi wetu wauzao nyanya na mkaa. Je, tuchukue chakula walichokilipia, tukiharibu, kisha tuwaombe shilingi 5,000 nyingine ili tupate kuuza uharibifu wenyewe?

Lakini hata kama matundu hayo manne yangezibwa, lipo la tano, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Biashara yoyote hutaka mali yake iwe nyingi. Fundi wa majeneza hawezi kuwaombea majirani afya kwa moyo mmoja. Siku tutakapoanza kuuza makombo, tutaanza kufurahi pipa linapojaa. Mtoto wa kidato cha kwanza akisukuma sahani yake, badala ya kumwambia, "Mdogo wangu, kula, usiku ni mrefu," tutamwambia, "Lete hapa." Je, huo ndio ukubwa tutakaowaachia tukiondoka?

Najua nitajibiwa kwamba ugali unatupwa tayari, nasi hatukuanzisha. Ni kweli. Basi tupunguze unaotupwa. Mimi napendekeza mambo matatu.

Kwanza, tupakue mara mbili. Kila mtu apewe kiasi cha wastani, na atakayetaka zaidi arudi. Mlaji wa hofu hubeba mlima kwa sababu hana hakika ya kuongezewa. Akipata hakika hiyo, hofu itamtoka.

Pili, pipa lipimwe kwa mizani ya stoo kila jioni kwa muda wa majuma mawili, na uzito uandikwe katika ubao wa matangazo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi hatujui hata tunapoteza kiasi gani. Kazi hii namwombea mwenzetu wa hesabu, maana hapana anayeiweza kuliko yeye.

Tatu, unga utakaookolewa uonekane mezani. Twaomba mwalimu wa chakula akubali kwamba kila kinachobaki katika stoo kwa sababu ya uangalifu wetu kirudi kwetu kama mboga za majani au matunda. Na wale wenye hamu ya biashara walime mchicha kando ya bomba. Mchicha huvunwa kwa majuma matatu au manne tangu kupandwa, hauhitaji mashine, na mnunuzi wa kwanza ni jiko letu wenyewe.

Enyi wazazi mtakaosoma kurasa hizi, mtoto akiwaandikia kuomba shilingi 5,000 za turubai, mwulizeni kwanza anabakiza nini katika sahani yake. Nanyi walimu wetu, twawasihi mturuhusu kujaribu kupakua mara mbili, hata kama ni kwa mwezi mmoja tu.

Anayeyapinga maneno yangu na aandike katika toleo lijalo, nami nitamsoma kwa heshima. Ila asije na turubai kabla hajaja na hesabu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne