Dada wa mifugo mwenye lupasi: mpangie kazi, usimfukuze

Vijana wenzangu, kuna mfugaji kaniambia hamtaki tena dada wa mifugo kwa sababu "anaumwaumwa". Sikubaliani naye. Lupasi haiambukizi, ni kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe. Viungo vinauma, jua kali linaweza kuiamsha, na baadhi ya dawa zake zinashusha kinga. Basi mwite jioni, kivulini, ng'ombe akiwa ameshafungwa vizuri. Ng'ombe akitupa mimba, kondo asilishike yeye, wala chanjo hai ya S19: brusela inampata na binadamu. (Hata wewe mzima, vaa glovu bwana!) Kusoma dalili, kupiga hesabu ya dozi, kutunza kumbukumbu za zizi, hayo anayaweza. Akisema leo vidole havikunjiki, sogeza siku, usikimbilie kishoka wa sindano.