Kulazwa Chali Hakuulindi Ubongo Ulioumia

Imani kwamba mgonjwa aliyeumia ubongo vibaya alazwe chali, kitanda kikiwa sawa kabisa, na asiguswe mpaka azinduke, ni imani inayodhuru. Imeshika mizizi kwa ndugu wanaouguza, na haikosekani hata kwa baadhi ya wahudumu wa afya. Sababu zinazotolewa ni mbili: kwamba kichwa kikilingana na moyo damu hufika ubongoni bila taabu, na kwamba kumwinua mgonjwa ni kuutikisa ubongo uliokwisha kujeruhiwa. Wapo wanaomwekea hata mto chini ya miguu ili damu “iende kichwani”. Nia ni njema, lakini mwili haufanyi kazi hivyo.

Fuvu la mtu mzima halitanuki. Alexander Monro alilieleza jambo hilo mwaka 1783, na George Kellie akaliongezea ushahidi mwaka 1824: ndani ya fuvu kuna ubongo, damu na maji ya ubongo, na kimoja kikiongezeka kingine hakina budi kupungua. Ubongo wenyewe huchukua takriban asilimia 80 ya nafasi hiyo. Unapovimba baada ya ajali, kwanza maji husukumwa kuelekea uti wa mgongo, kisha damu ya vena hukamuliwa nje. Nafasi hiyo ikiisha, uvimbe mdogo tu hulipandisha shinikizo la ndani ya fuvu kwa kasi. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyelala, shinikizo hilo kwa kawaida halizidi milimita 15 za zebaki. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa mwaka 2016 unataka tiba ianze linapovuka 22.

Hapa ndipo imani ya kulaza chali inapoanguka. Kinachoulisha ubongo ni tofauti kati ya wastani wa presha ya ateri na shinikizo la ndani ya fuvu. Wingi wa damu iliyojaa kichwani si kipimo. Wastani wa presha ukiwa 85 na shinikizo likiwa 25, ubongo unasukumiwa damu kwa nguvu ya 60, yaani ukingo wa chini kabisa wa kiwango cha 60 hadi 70 kinachopendekezwa. Damu ya vena inayokwama kichwani kwa kukosa mteremko hailishi chochote. Inachukua nafasi, inapandisha shinikizo, na inaizuia damu safi isiingie.

Mwaka 1992 Feldman na wenzake walichapisha vipimo vya wagonjwa 22 walioumia kichwa, kila mmoja akipimwa akiwa amelala sawa na kisha akiwa ameinuliwa kichwa kwa nyuzi 30. Shinikizo la ndani ya fuvu lilikuwa wastani wa 19.7 walipolala sawa na 14.1 walipoinuliwa, na mtiririko wa damu ya ubongo haukupungua. Watetezi wa kulaza chali wana hoja ya Rosner na Coley, waliodai mwaka 1986 kwamba kuinua kichwa hupunguza nguvu inayosukuma damu ubongoni. Hoja hiyo inastahili heshima, nayo itajibiwa. Lakini wanaotumia utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha wagonjwa zaidi ya 11,000 wa kiharusi wanapotoka mara mbili: kiharusi si jeraha la ajali lenye uvimbe, na hata huko kulala sawa hakukupunguza ulemavu kuliko kuinuliwa.

Kuinua kitanda peke yake hakutoshi, na jambo hili halisemwi vya kutosha wodini. Damu hutoka kichwani hasa kwa kupitia vena mbili kubwa za shingo, na vena hizo ni laini, hubanwa kwa urahisi. Mgonjwa anaweza kuwa ameinuliwa nyuzi 30 kamili huku uso umegeukia mlango, kidevu kimeangukia bega, na utepe unaoshikilia mpira wa kupumulia umezungushwa shingoni na kufungwa kwa fundo lililokaza. Kola ya shingo nayo huachwa imebana siku nzima kwa sababu hakuna aliyerudi kuitazama. Kiwiliwili kikiteleza kuelekea miguuni, tumbo hujikunja na shinikizo lake hupanda hadi kifuani na shingoni. Kuiweka pua mstari mmoja na kitovu, kulegeza utepe na kumvuta mgonjwa juu ya kitanda hakugharimu shilingi.

Sasa hoja ya Rosner na Coley. Kichwa kikiwa juu ya moyo, presha ya damu inayofika ubongoni ni ndogo kuliko ile inayosomwa mkononi. Kila sentimita moja ya kimo hupunguza takriban milimita 0.77 za zebaki, hivyo sikio likiwa sentimita 13 juu ya moyo pengo ni kama 10. Mashine ikisema nguvu ya kusukuma damu ni 65 wakati kifaa cha presha kimewekwa usawa wa moyo, ubongo unapata 55. Ndiyo maana vyama vya madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo na wa usingizi nchini Uingereza huelekeza kifaa kiwekwe usawa wa tundu la sikio. Hoja hiyo basi inadai kipimo sahihi. Haidai mgonjwa aachwe chali.

Hatari ya kushuka kwa presha ni ya kweli. Mtu anaposimama, damu kati ya mililita 500 na 800 hukimbilia miguuni na tumboni. Kwa mwenye afya, vihisio vya shingoni na kwenye mkunjo wa aota hugundua upungufu huo mara moja, moyo ukaongeza kasi na mishipa ikabana. Ubongo nao, kama Niels Lassen alivyoonyesha mwaka 1959, huurekebisha mtiririko wake wenyewe presha inapopanda na kushuka. Aliyeumia vibaya anaweza kupoteza uwezo huo. Chesnut na wenzake walionyesha mwaka 1993 kwamba kushuka hata mara moja kwa presha ya juu (sistoli) chini ya 90 kulienda pamoja na vifo zaidi ya mara mbili.

Lakini kulazwa chali kwa wiki nyingi ndiko kunakoizalisha hatari hiyo. Huko Dallas, mwaka 1966, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani siku 20, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Maji ya damu hupungua, misuli ya miguu hunywea, na kinga dhidi ya kushuka kwa presha hudhoofika. Mgonjwa wa ubongo ana hayo yote juu ya jeraha lake, pamoja na nimonia, vidonda vya mgandamizo na damu kuganda miguuni. Siku anayokalishwa kwa mara ya kwanza anazimia, na wanaouguza wanaona wamethibitishiwa kwamba hakupaswa kuguswa.

Kuna njia ya kumwinua hatua kwa hatua. Jaribio la Copenhagen lililochapishwa mwaka 2021, lenye wagonjwa 38 walioumia ubongo vibaya, lilitumia meza inayomwegemeza mgonjwa na kumsimamisha huku ikiichezesha miguu. Lilionyesha kwamba kazi hiyo inawezekana mapema. Halikuthibitisha kwamba wanapona zaidi. Pupa nayo ina gharama: katika utafiti wa mwaka 2015 wa wagonjwa 2,104 wa kiharusi, walioinuliwa mapema mno na mara nyingi zaidi walipata matokeo mabaya kuliko wenzao.

Afrika Mashariki, ambako ajali za bodaboda hujaza wodi za majeruhi wa kichwa, kisingizio cha kawaida cha kumwacha mgonjwa chali ni ukosefu wa mashine ya kupima shinikizo la fuvu. Hakikubaliki. Jaribio la Bolivia na Ecuador lililochapishwa mwaka 2012, la wagonjwa 324, halikuona tofauti kati ya waliotibiwa kwa kipimo hicho na waliotibiwa kwa picha za kichwa na uchunguzi wa mara kwa mara. Kitanda kisichokunjika huinuliwa kwa mbao imara chini ya miguu yake ya upande wa kichwa, na njia hiyo ndiyo salama pia kwa anayeshukiwa kuvunjika uti wa mgongo, maana mwili unainama wote bila kukunjwa. Kumgeuza ubavu kila baada ya saa mbili hufanywa na watu watatu au wanne, kichwa, mabega na nyonga vikienda pamoja.

Presha hupimwa kabla ya kuinua, kisha dakika ya kwanza na ya tatu. Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au jasho jembamba likimtoka, anarudishwa chini na daktari anaitwa; mboni moja ikitanuka, daktari anaitwa pia. Anayevuja damu, au ambaye presha yake ya juu iko chini ya 110 kwa umri wa miaka 15 hadi 49, hainuliwi kwanza; anarudishiwa damu na maji, na presha ikishatengemaa kitanda kinainuliwa siku hiyo hiyo.