Makofi hayaoteshi mbegu

Leo jioni ukipita kwa mama mboga, hebu angalia kile kifungu cha managu kando ya sukuma wiki. Kuna wakati watu wa mjini walikiona hicho kuwa chakula cha ushago, cha mtu aliyekosa pesa ya nyama. Siku hizi managu, saga, terere na mrenda zinauzwa hadi kwenye supamaketi.

Mambo hayo hayakujileta yenyewe. Mmoja wa waliochapa kazi hapo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha JKUAT. Alipokuwa mtoto mwili wake ulikataa nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa hivyo akalelewa kwa mboga za kienyeji. Alipokwenda kusomea kilimo, akakuta mboga zilizomlea hazipewi nafasi darasani. Wengine waliziita magugu. Akaamua kuzitafiti mwenyewe: mbegu zake, namna ya kuzilima, lishe iliyomo. Mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ulimpa Tuzo ya Kwame Nkrumah ya sayansi kwa ukanda wa Afrika Mashariki.

Sasa sema ukweli, ulikuwa unamjua? Usijali. Hata mimi nilisikia jina lake nikiwa nishaacha chuo.

Na si kwamba Wakenya hatujui kutuza watu. Juni 2023 Faith Kipyegon alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3:49.11, na siku saba baadaye akavunja ya mita 5,000. Serikali ilimpa Sh5 milioni na nyumba ya Sh6 milioni. Alistahili kila senti. Lakini angalia jambo moja: kabla ya kumpigia makofi, tulimtazama akikimbia. Tulijua muda wake, tulijua ni nani aliyekuwa nyuma yake. Mwanafunzi anayetafiti mimea tunampigia makofi bila kujua alikimbia mbio gani. Anapewa cheti, anapigwa picha na wakubwa, picha inapostiwa, basi. Nani alimuuliza aligundua nini?

Najua ninachosema, kwa sababu nimekula pesa ya mfumo huo. Nilipoacha chuo karo ilipokwama, nililipa kodi ya nyumba kwa kuandikia wengine projekti. Thao tano, wakati mwingine chini. Moja ilikuwa ya mahindi na mbolea. Mahindi yale hayakuwahi kupandwa popote. Vipimo vya urefu wa mimea nilivitunga usiku mmoja kwa saiba, nikihakikisha tu kwamba havifanani sana. Mwenyewe aliipeleka, ikapita, akafuzu. Sijivunii hata kidogo. Ila kilichonishtua si kwamba tulidanganya. Kilichonishtua ni kwamba hakuna aliyeuliza hata shamba lilikuwa wapi.

Wakati huo huo jamaa niliyekaa naye chumba kimoja chuoni alikuwa anafanya ya kwake kwa haki. Swali lake lilikuwa dogo: kwa nini mbegu za managu ambazo wakulima hujiwekea zinaota kidogo hivyo? Alichukua matunda yaliyoiva, mengine akayakamua na kuanika mbegu moja kwa moja, mengine akayaloweka siku kadhaa na kuziosha mbegu mpaka utelezi wote ukaisha. Kisha akazipanga kwenye mikebe yenye karatasi mbichi, akawa anazihesabu kila asubuhi kabla hajanywa chai. Chumba kizima kilinuka matunda yaliyochacha. Tulimcheka sana.

Jibu lilipatikana. Zilizooshwa vizuri ziliota kuliko zile zingine, kwa sababu ule utelezi wa tunda unaobaki kwenye mbegu huizuia kuota. Si jambo ambalo wataalamu hawakulijua, lakini yeye aliwaonyesha kwa mbegu za kijiji chao, kwa vifaa ambavyo mkulima yeyote anavyo jikoni. Akapewa alama nzuri na cheti cha idara, na projekti yake ikawekwa kabatini.

Kwa hivyo nchi hii ina makabati ambamo utafiti wa kweli na wa kutunga, kama ule niliouandika mimi, vimekaa bega kwa bega na hakuna anayeweza kuvitofautisha, kwa sababu hakuna anayesoma. Unapotuza bila kusoma, unamwambia mkweli kwamba alijisumbua bure.

Wengine husema utafiti wa wanafunzi ni wa kujifunzia tu, hauwezi kuwa na maana kubwa. Sikubali. Wasichana watatu wa shule ya upili kutoka mji mdogo wa Kinsale, Ireland, walianza na vinundu walivyoviona kwenye mizizi ya njegere bustanini. Walipoambiwa kwamba vina bakteria wanaosaidia mimea ya jamii ya kunde, wakajiuliza: je, bakteria hao wanaweza kusaidia nafaka? Wakajaribu kwa maelfu ya mbegu za shayiri na oti, na shayiri ikaota haraka zaidi. Mwaka wa 2013 walishinda mashindano ya wanasayansi chipukizi ya nchi yao, kisha ya Ulaya, na 2014 wakatwaa tuzo kuu ya Google Science Fair.

Mashindano yetu ya Young Scientists Kenya yaliundwa kwa mfano wa hayo ya Ireland. Uzuri wa mashindano ya namna hii si medali. Ni kwamba jaji anasimama mbele ya meza yako na kukuuliza: ulijuaje? Ulirudia mara ngapi? Ukitunga, unaumbuka. Ukisema kweli, kuna mtu amekusikia. Shida ni kwamba maswali huishia pale. Basi la shule likishaondoka, wazo nalo linapanda basi.

Na haja tunayo. Mwaka wa 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uliripotiwa Bomet, ukakausha mashamba ya watu. Mwaka wa 2017 wakaja viwavijeshi. Tutakula nini hao wengine wakija? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti. Hatujafika hata asilimia 1. Hizo pesa tuzidai. Lakini kuna mambo ambayo hayangoji Hazina ya Taifa.

Kwanza, kila mwanafunzi anayemaliza utafiti wa mimea aandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili rahisi: nilijaribu nini, nikapata nini, mkulima afanye nini. Vyuo vingi vina hifadhi za tasnifu mtandaoni, sawa, lakini mama wa shamba hawezi kupasua ile lugha. Pili, kila kaunti ichague kila mwaka kazi chache za wanafunzi, iwape kipande cha shamba na mbegu, wazirudie msimu mmoja mbele ya wakulima. Hapo uongo kama wangu utajianika wenyewe, kwa sababu huwezi kutunga mahindi mbele ya mkulima. Tatu, jina la mwanafunzi litangulie kwenye kazi yake, hata mkubwa akiwa ndiye aliyefungua mlango wa maabara.

Na sisi wa mtaani? Rafiki yako akiposti picha ya cheti, usimwachie tu emoji za moto. Muulize aligundua nini. Akikosa jibu, utajua. Akiwa nalo, utakuwa umempa tuzo ambayo wakubwa hawakumpa.

Yule jamaa yangu leo anauza kava za simu katikati ya jiji. Nijuavyo mimi, mtu mmoja tu ndiye anayetumia utafiti wake: nyanya yake, kule Vihiga. Alimweleza kwa simu, mzee akaloweka, akaosha, akapanda. Majirani walipoona kitalu kimejaa wakaja kuuliza siri. Sasa kila msimu nyanya humpigia mjukuu simu: hizi za mwaka huu nizianike kivulini au juani? Hapo huwa anaacha wateja wasubiri, anajibu.