Adapta bubu zinatumaliza

Jamani wadau, tangu Apple waondoe tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakafuata, sisi wa kutegemea bumu ndo tunaumia. Adapta za USB-C zipo za aina mbili: zenye chipu ya kugeuza sauti ya kidijitali kuwa analogi, na zisizo nayo. Simu nyingi hazitoi analogi kwenye tundu la chaji, kwa hiyo hizo za pili zinakaa kimya tu. Kabla hujalaumu simu, izime, toa vumbi taratibu kwa kijiti cha meno, iwashe, ruhusu OTG kwenye setingi kama ipo, kisha azima adapta nyingine ujaribie. Mi nasema hivi: muuzaji akikataa tujaribie palepale dukani, tusimpe hela. Mnasemaje?