Mnaoiponda Outward, Mmewahi Kubeba Lile Begi?

Kuna jamaa mmoja mwenye chaneli kubwa tu, simtaji jina na nyie kwenye komenti naomba msimtaje, kaweka klipu anacheza Outward. Dakika chache kashapigwa chini mara mbili, kacheka, kasema hili ni gemu la watu wasio na hela ya kununua gemu, kazima. Watu wanacheka naye mpaka leo.

Mi sijacheka. Na sio kwamba gemu halina matatizo, maana linayo mengi, ngoja niyataje mwenyewe kabla hamjanivamia.

Outward ilitoka Machi 2019, wameitengeneza Nine Dots, studio ndogo ya kule Quebec, Kanada. Ilivyotoka ilikuwa dola 40 hivi wakati magemu makubwa yanauzwa 60, na hiyo tofauti unaiona kwa macho. Watu wana sura zimekakamaa kama sanamu za duka la nguo. Mtu akianza kuongea, sauti inatamka maneno mawili matatu, maandishi yanasema kitu kingine kabisa. Mapigano ni mazito, unabonyeza sasa hivi, upanga unafika kesho. Ukivuka kutoka eneo moja kwenda jingine unasubiri mpaka chai inapoa. Na kuna sehemu unatembea wee, unaona mawe, majani, basi.

Haya, nimeyasema. Sasa tuongee.

Magemu mengi ya dunia ya wazi yanaanza kwa kukwambia wewe ni mteule, unabii ulishakutaja, dunia nzima inakungoja. Outward inaanza na deni. Yaani umetoka kunusurika meli imezama, unaamka kwenye kijiji cha Cierzo, watu wako mlangoni wanadai vipande 150 vya fedha, una siku tano, usipolipa nyumba wanachukua. Na deni lenyewe hata hujakopa wewe, umerithi kutoka kwa bibi yako! Mtu yeyote aliyewahi kuambiwa na baba mwenye nyumba alete kodi ya miezi sita kwa mkupuo anajua hiyo hali. Huhitaji mtu akueleze kwanini unatoka nje ya kijiji na fimbo mkononi.

Ukitoka ndo utajua hujui. Hamna farasi. Ramani ipo ila haikuonyeshi uko wapi, lazima uangalie mlima uko upande gani, mnara wa taa umeuacha wapi, utumie akili. Unasikia njaa, kiu, baridi, usingizi. Na begi sasa, jamani lile begi! Kila kitu chako kiko humo, na likiwa mgongoni huwezi kujiviringisha vizuri kukwepa pigo. Kwahiyo ukiona adui unalitupa chini kwanza, unapigana, halafu unarudi kulichukua. Kama unakumbuka ulilitupa wapi. Mi hiyo kitu naipenda kuliko vita vyenyewe, sijawahi kuona gemu la mamilioni ya dola likaniwazisha kuhusu begi.

Jamaa wa chaneli anasema alikufa. Hakufa bwana, na hapo ndo nimejua hakutulia hata kidogo. Ukipigwa chini kwenye Outward hadithi inaendelea. Unaweza kuamka umeokotwa na mtu mwema. Unaweza kuamka umeburutwa na mnyama mpaka pangoni kwake. Majambazi wanaweza kukuteka, unajikuta kambini kwao, begi huna, unatafuta njia ya kutoka. Na huwezi kurudisha nyuma, linajisevu lenyewe, ulichoharibu kimeharibika.

Uchawi nao haugawiwi bure. Mwanzoni huna mana hata tone. Mpaka upande mlima wa Conflux, uingie ndani kabisa, utoe sehemu ya uhai wako na pumzi yako, moja kwa moja, ndo upate. Na ukishapata, unajifunza kurusha cheche inayotosha kuwasha kuni tu. Ila ukiweka jiwe la moto, ukatengeneza duara chini, ukasimama ndani yake ukarusha cheche ileile, inatoka bonge la moto. Mara ya kwanza nimefanya hivyo nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu kuna kitu ambacho magemu makubwa wamekiacha na hakuna anayewasema. Outward mnacheza wawili kwenye TV moja, skrini inagawanyika, gemu moja mmenunua. Mi nacheza na mshikaji ninayekaa naye geto, mmoja anabeba taa na chakula, mwingine silaha. Tukigombana kuhusu nani kala nyama ya mwisho tunagombana kweli. Kasoro ni kwamba hadithi inahesabika kwa mwenye nyumba tu, mgeni anabaki na vitu vyake na ujuzi wake, na hapo mshikaji wangu ana haki ya kulalamika.

Kwahiyo ukisema ni gemu la wasio na hela, sawa, wengi wetu hatuna. Lakini kuna dogo ameangalia ile klipu, alikuwa anadunduliza anunue, sasa ameona aibu. Studio ndogo kama hii haina hela ya matangazo, inaishi kwa mtu kumwambia mwenzake. Wewe una wafuasi wote hao umelipa dakika chache.

Kama una pedi ya pili inakula vumbi, muite mtu. Kuna toleo la 2022 lenye nyongeza zote mbili ndani, tafuteni hilo, vizieni punguzo. Na kabla hujatoka Cierzo chukua maji.