Okidi, Jua la Shinyanga na Ushauri wa Kuazima

Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ni mahali pa hospitali ya misheni na chuo cha afya, na kwa sababu hiyo ni mahali pa uhamisho. Wauguzi wanakuja, walimu wa chuo wanaondoka, nyumba za watumishi hubadilisha wenyeji kila baada ya muda. Siku hizi, katikati ya masanduku na magodoro, hutokea chungu cha okidi kilichonunuliwa Dar es Salaam, Arusha au Mwanza. Mara nyingi huwa ni falenopsi, ile yenye majani mapana manene na maua yanayofanana na nondo aliyetandaza mabawa.

Chungu kikishatua, ushauri hauchelewi. Jirani ana lake, muuza maua alikuwa na lake, na video ya mtu aliyejirekodi Uholanzi ina lake. Baadhi ya ushauri huo ni wa kweli huko ulikotoka, na mwingine hauna ukweli popote. Hoja yangu ni kwamba okidi inayohamia kwetu huangamia zaidi kwa mabadiliko ya ghafla kuliko kwa jua lenyewe au kivuli chenyewe, na kwamba mwanga wa kupimwa ni ule unaofika kwenye jani, si ule tunaouona sisi. Tuyapitie madai moja baada ya jingine.

Dai la kwanza: "Jua la Shinyanga ni kali mno. Ifiche kona ya sebule."

Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inaua polepole. Jua la saa sita mchana huweza kufikisha laksi (kipimo cha mwanga) 100,000 kwenye uwanja wa nyumba. Falenopsi hupenda sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, kati ya laksi 10,000 na 20,000 hivi. Lakini ingia sebuleni, simama mita 3 kutoka kwenye dirisha lenye nondo, wavu wa mbu na pazia zito, upime hapo. Mara nyingi hutafika hata laksi 300. Unaweza kuona vizuri na kusoma gazeti bila taabu, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha penye mwanga hafifu. Jani halina uwezo huo. Kwa mwanga wa pembeni ya kabati la runinga, okidi hula akiba iliyoweka majanini na mizizini, miezi inapita, kisha mwenye nyumba anashangaa mbona haichanui tena.

Hata hivyo kona hiyo si adui kwa siku chache. Mmea uliosafiri kutwa nzima ndani ya boksi chini ya basi unaweza kupumzika wiki moja penye mwanga hafifu bila kudhurika. Tatizo huanza pale pumziko linapogeuka makazi.

Dai la pili: "Ni mmea wa nchi za joto, kwa hiyo utoe nje uzoee jua."

Falenopsi asili yake ni misitu ya kusini mashariki mwa Asia, na humo huota juu ya matawi, chini ya kivuli cha miti mirefu. Joto inalijua. Jua la moja kwa moja hailijui. Na kile chungu kimoja kilichoko mikononi mwako hakijawahi hata kuona msitu, maana mimea hii ya madukani hulelewa tangu ikiwa midogo ndani ya vitalu vyenye vivuli vya kupimwa.

Iko sababu ya ndani zaidi. Mimea mingi hufungua vinyweleo vya majani mchana, maji yanatoka kama mvuke, na jani linapoa. Falenopsi hufanya kinyume: hufunga vinyweleo mchana na kuvifungua usiku ili isipoteze maji. Ni mbinu nzuri ya kuvumilia ukame, lakini maana yake ni kwamba jua likilipiga jani mchana, jani haliwezi kujipoza kwa mvuke. Hupata joto kuliko hewa inayolizunguka, na penye hewa iliyotulia huungua ndani ya saa chache. Doa huanza likiwa jeupe au la manjano, kisha hukauka na kuwa kahawia au jeusi. Doa hilo haliponi. Litabaki hapo hadi jani lidondoke.

Kwa hiyo neno "uzoee" lina ukweli, ila kuzoea kuna mwendo wake. Jani lililokomaa kivulini hujipanga upya kwa kiasi tu. Jani jipya, lile litakalochipuka baada ya kuhama, ndilo litakalojengwa kwa mwanga wa nyumba mpya. Anayetaka kujua kama mahali panafaa amtazame mtoto huyo anayekua, asihukumu kwa majani yaliyokuja na mizigo.

Dai la tatu: "Iweke dirisha la kusini, vitabu vyote vinasema hivyo."

Hapa ndipo ushauri wa kuazima unapotupoteza kabisa. Aliyeandika kitabu hicho anaishi mahali kama Amsterdam. Huko, mwezi Desemba, jua la mchana hupita chini sana upande wa kusini, nyuzi 14 hivi tu juu ya upeo wa macho, na miale yake huingia chumbani mpaka ukutani. Dirisha la kusini kwake ndilo lenye mwanga mwingi kuliko yote.

Kolandoto iko takriban nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta. Kwetu jua hupita utosini mara 2 kwa mwaka, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Kati ya Machi na Oktoba, ikiwa ni pamoja na karibu kiangazi chote, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mvua zikianza Novemba, limeshahamia kusini. Lakini upande wowote liwepo, adhuhuri huwa juu: hata Juni halishuki chini ya nyuzi 60. Jua lililo juu namna hiyo huzuiwa na ukingo wa bati kabla halijafika dirishani, na hata pasipo ukingo huingia hatua fupi tu.

Matokeo yake ni haya. Madirisha ya kaskazini na kusini, ambayo vitabu vinayapa sifa zinazopingana, kwetu yote mawili ni ya upole, hasa nyumba ikiwa na ukingo mpana au baraza. Yana mwanga mwingi wa anga na miale michache ya moja kwa moja. Madirisha ya kutazamwa kwa makini ni ya mashariki na magharibi, kwa sababu jua la asubuhi na la jioni huja limelala na kupita chini ya bati mwaka mzima. La mashariki lina nafuu, kwani hewa ya saa moja na saa mbili asubuhi bado ni baridi na jani halijapata joto. La magharibi ndilo hatari. Saa tisa na saa kumi za Septemba, ukuta umeshika moto, hewa imekauka, na miale inaingia moja kwa moja. Mwenye dirisha la magharibi peke yake aweke pazia jepesi jeupe na aivute okidi nyuma nusu mita au zaidi.

Wengine hujitetea kwamba kioo kinapunguza makali. Kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mwanga, na nyuma yake joto hukusanyika kwa kukosa upepo. Jani lisiguse kioo kamwe.

Kipimo cha bure kipo. Saa sita mchana, inua mkono wako sentimeta 30 juu ya majani. Kivuli chenye kingo kali kama kimekatwa kwa mkasi maana yake ni jua kupita kiasi. Kivuli kinachoonekana lakini kingo zake zimefifia, hapo panafaa. Kivuli kisipoonekana kabisa, pana giza. Kisha gusa jani: likiwa na joto mkononi, sogeza chungu mara moja. Ratiba nayo si ngumu. Wiki ya kwanza chungu kikae mita 2 hivi kutoka dirishani. Kila wiki kisogezwe karibu nusu mita, hadi kipimo cha kivuli kiridhishe. Ndani ya mwezi mmoja kazi imekwisha, na baada ya hapo kipimo kirudiwe Machi na Oktoba, jua linapobadilisha upande.

Dai la nne: "Maua yamedondoka wiki ya kwanza, mmea umeikataa nyumba."

Maua na vichomozo ndivyo vitu vya kwanza ambavyo okidi huviacha inapopata misukosuko. Tofauti ya joto, ukavu wa hewa, giza la safarini, vyote huchangia. Jikoni nako kuna mchango wake: ndizi mbivu na maembe hutoa gesi ya ethilini ambayo huzeesha maua, na moshi wa jiko la mkaa una gesi hiyohiyo. Chungu kikiwekwa karibu na kapu la matunda, vichomozo hugeuka manjano na kuanguka hata kama mwanga ni sahihi. Kama majani ni magumu na mizizi ni mizima, mmea haujakataa chochote.

Kuchanua tena kunategemea kitu ambacho wengi hawakitarajii. Wakulima wa vitalu huizuia falenopsi isitoe shina la maua kwa kuiweka kwenye joto la kama nyuzi 28 za Selsiasi, na huiamsha kwa kuishusha chini ya nyuzi 25 kwa wiki kadhaa. Juni na Julai, usiku wa Shinyanga hupoa, na hilo huweza kusaidia. Okidi iliyo karibu na dirisha linaloachwa wazi kidogo usiku ina nafasi nzuri kuliko ile iliyo katikati ya nyumba, ilimradi mchana wake uwe na mwanga wa kutosha kulipia gharama ya maua.

Dai la tano: "Majani ya kijani kizito ndiyo afya."

Kwa mchicha, sawa. Kwa falenopsi, kijani kizito chenye majani marefu yanayolegea ni dalili ya uhaba wa mwanga: mmea umeongeza klorofili ili kunasa kidogo kinachopatikana. Kijani cha wastani, chenye jani gumu, ndicho cha kutafuta. Wekundu kidogo pembezoni huashiria kwamba mwanga umefika ukomo wake.

Dai la sita: "Ikidhoofu, iongeze maji na mbolea."

Dai hili limeua okidi nyingi kuliko jua. Mmea hutumia maji kulingana na mwanga unaopata. Ukiwa gizani hunywa kidogo, magome yaliyomo chunguni hukaa na unyevu, na mizizi huoza. Mizizi ikioza majani hunyauka kama yenye kiu, na mwenye nyumba huongeza maji tena. Anzia kwenye mizizi: ikiwa na rangi ya fedha, ni wakati wa kumwagilia, ikiwa ya kijani, subiri. Chungu cha plastiki kinachoonyesha ndani hurahisisha jambo hilo, tena mizizi ya okidi nayo hutumia mwanga. Mbolea ingoje mpaka jani au mzizi mpya uonekane. Kabla ya yote hayo, chukua kitambaa chenye maji ufute majani, kwa sababu vumbi la kiangazi huweka pazia juu ya jani ambalo hakuna dirisha linaloweza kulifidia.

Dai la saba: "Taa ya sebule inatosha."

Taa iliyo darini haifiki. Balbu ya LED yenye mwanga mweupe, ikining'inizwa sentimeta 30 hivi juu ya majani na kuwashwa saa 12, inaweza kusaidia nyumba isiyo na dirisha zuri. Umeme ukikatika jioni moja, mmea hautajali.

Dai la nane: "Okidi si mimea ya kwetu. Shinyanga haiwezi."

Tanzania ni nchi ya okidi. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwenye nyanda za juu za kusini na kuitwa na watu Bustani ya Mungu, inajulikana kwa maua, na TANAPA huhesabu humo aina 45 za okidi za ardhini. Viazi vya okidi za nyanda hizo vimekuwa vikichimbwa na kuvushwa hadi Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, kiasi cha kutishia baadhi ya aina. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, wakulima wa Kagera hulima vanila, nayo ni okidi; huifunga kwenye miti ya kuishikilia na kuipa kivuli cha nusu. Mkulima wa Bukoba anayepogoa matawi ili jua liingie kiasi tayari anaifanya kazi tunayoizungumzia.

Ipo hata okidi inayostahimili ukavu kama wetu. Ansellia africana, yenye maua ya manjano na madoa ya chui, huota kwenye matawi ya miti ya nyika katika sehemu nyingi za Afrika na huvumilia mwanga mkali kuliko falenopsi. Hiyo ikipewa baraza lenye kivuli cha mwarobaini itatulia. Inunuliwe kwenye kitalu, isibanduliwe porini: okidi zote zimo katika orodha za CITES, mkataba unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, na mmea uliong'olewa juu ya mti mara nyingi hufa.

Kwa hiyo dai la nane lina chembe moja tu ya kweli: falenopsi ni mgeni. Mgeni huyo hadai hali ya hewa ya misitu ya Asia wala kioo cha Uholanzi. Anadai mwezi mmoja wa kusogezwa taratibu, dirisha lililochaguliwa kwa kulitazama jua la Kolandoto lenyewe, na mwenyeji anayepima kwa mkono wake kabla ya kusikiliza ya jirani.